Flashi ya mwalimu wa kompyuta

Mwalimu wa historia anatoka steshenari na mtihani wa kidato cha tatu kwenye flashi. Anaichomeka kwenye kompyuta ya shule, anakuta folda zote zimegeuka njia za mkato. Anamkimbilia mwalimu wa kompyuta. Huyu anafungua dirisha jeusi la amri, anaandika attrib -h -r -s /s /d, na folda zinarudi. Wenzake wanamshukuru, kila mtu anaendelea na kazi.

Hapo tatizo halijaguswa: flashi ina kirusi. Kirusi cha aina hii hakifuti mafaili, kinayaficha na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya, folda yako inafunguka kama kawaida, na papo hapo kirusi kinajinakili ndani ya kompyuta. Amri ile inafichua mafaili tu. Kirusi kimebaki kikisubiri flashi nyingine, na jioni flashi hiyo inakwenda nyumbani kwa mtu.

Walimu wetu wa kompyuta wanajua kirusi ni nini, wanakifundisha ubaoni. Ila waliandaliwa kufundisha somo, kisha shule ikawatwika ulinzi wa taarifa zake bila hata kuwaambia. Ndiyo maana unakuta maabara nzima inatumia akaunti ya msimamizi, tena haina nywila, ili wanafunzi wasisumbuke. Katika akaunti hiyo, programu haribifu inaruhusiwa karibu kila kitu. Kuwafungulia wanafunzi akaunti ya kawaida ni kazi ya dakika chache na haihitaji bajeti.

Masasisho nayo yasipuuzwe. Programu haribifu ya WannaCry iliposambaa duniani Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi.

Kinachonitia hofu zaidi ni nywila ya mfumo wa kusajili watahiniwa, inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu ili yeyote aliye karibu aingize majina. Hizo ni taarifa za watoto. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwaka huohuo Kenya, shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Mwalimu wa kompyuta aanze na swali hili: tangu nywila ile iwekwe, walimu wangapi wamehama shule wakiwa bado wanayo kwenye simu?