Mtambo Uliofufuka Wenyewe

Tarehe 15 Novemba 2024 ilitimia miaka 50 tangu setilaiti ndogo iitwayo AMSAT-OSCAR 7 iliporushwa angani kutoka kituo cha Vandenberg, katika jimbo la California, nchini Marekani. Umri huo pekee unatosha kustaajabisha, kwa kuwa chombo chenyewe kilikusudiwa kufanya kazi kwa miaka michache tu. Lakini linalostaajabisha zaidi ni kwamba katika miaka hiyo 50, kwa muda wa miaka 21 setilaiti hiyo ilihesabiwa kuwa maiti. Kisha siku moja ikaanza kusema tena, pasipo mkono wa fundi yeyote kuigusa.

Setilaiti hiyo haikuwa mali ya jeshi wala ya kampuni. Iliundwa na wapenzi wa redio, yaani raia wenye leseni ya kurusha na kupokea mawimbi bila ya kufanya biashara. Mafundi wa Marekani, Ujerumani Magharibi, Kanada na Australia kila mmoja alichangia sehemu yake. Uzito wake haukufika kilo 30. Iliwekwa kwenye kimo cha kilomita 1,450 hivi, ikawa inaizunguka dunia mara moja kwa kila dakika 115, ikipokea sauti ya mtu wa nchi moja na kuifikisha kwa mtu wa nchi nyingine. Ilitumika hivyo kwa zaidi ya miaka sita. Katikati ya mwaka 1981 betri zake ziliharibika, na chombo kikanyamaza.

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Tarehe 21 Juni 2002, mpenzi mmoja wa redio wa Uingereza, Pat Gowen, alinasa alama za Morse katika masafa ambayo hakutarajia kukuta kitu. Zilipochunguzwa, zilionekana kuwa ni za OSCAR 7 yenyewe.

Je, kitu kilichokufa kiliwezaje kuamka? Jibu halimo katika miujiza, limo katika njia za umeme. Setilaiti hii ilipata umeme kutoka kwenye paneli za jua, na umeme huo ulipitia kwenye betri. Betri zilipochakaa, zilipiga shoti kwa ndani. Shoti ni njia ya mkato: umeme ukiipata, hauendi tena mahali pa kazi. Kwa hiyo ingawa jua liliendelea kuwaka na paneli ziliendelea kuzalisha, umeme wote ulimezwa na betri mbovu. Wataalamu wanaeleza kwamba baada ya miaka mingi shoti ile ilikatika yenyewe. Njia ya mkato ilipofungwa, umeme wa jua ulirudi kwenye njia yake halali na mitambo ikaamka.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Betri hazikupona, zilizidi kuharibika, na ule uharibifu wa pili ndio ulioondoa madhara ya uharibifu wa kwanza. Tangu mwaka 2002 setilaiti hiyo imekuwa ikiishi kwa mwanga wa jua tu. Kila inapoingia katika kivuli cha dunia inazimika, na inapotoka inaamka upya, isikumbuke ilikuwa ikifanya nini kabla ya giza.

Kisa hiki si cha pekee. Mwaka 2000 Marekani ilirusha setilaiti ya utafiti iitwayo IMAGE, na mwezi Desemba 2005 mawasiliano nayo yakakatika ghafla. Wahandisi walidhani kwamba swichi ya kielektroniki inayopeleka umeme kwenye redio yake ilijifunga, huenda kwa kupigwa na chembe za mionzi ya angani. Walitumaini kwamba setilaiti ikipita kwenye kivuli kirefu mwaka 2007, umeme wake ungekwisha kabisa na swichi ingeanza upya. Hawakusikia kitu, na kazi ikatangazwa kuwa imekwisha. Mwezi Januari 2018, Scott Tilley, mpenzi wa redio nchini Kanada, aliikuta inarusha mawimbi. Hata hivyo, katika mwaka huo huo sauti yake ilipotea tena.

Mambo haya ya angani hayako mbali na maisha ya kila siku. Nani asiyeijua redio inayonyamaza katikati ya taarifa ya habari, kisha ikipigwa kofi inasema? Kofi halitibu. Ndani yake kuna waya ulioachia, au kiungo cha risasi kilichopasuka, au kutu kwenye vyuma vinavyoshika betri. Mtikisiko unavigusanisha vile vilivyoachana. Joto pia hutanua vyuma na baridi huvinywesha, ndiyo maana mtambo mwingine hukataa asubuhi na kukubali mchana.

Redio ikinyamaza, hasara ni ndogo. Lakini jokofu la chanjo katika zahanati ni jambo jingine. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za joto. Jokofu likizima usiku na kuwaka lenyewe alfajiri, muuguzi atalikuta linanguruma, na kipimajoto kitasoma vizuri. Chanjo iliyoharibika haibadiliki rangi ili kumwonya. Mtoto atachomwa sindano, mama atarudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe amekingwa, kumbe sivyo. Ndiyo sababu kipimo cha joto la jokofu hilo huandikwa kila siku, asubuhi na jioni, na ndiyo sababu vikaletwa vipimajoto vinavyotunza kumbukumbu ya usiku kucha.

Ni dhahiri basi kwamba mtambo uliofufuka wenyewe unatoa mafunzo mawili. La kwanza ni la subira: kimya si lazima kiwe kifo, na wale walioendelea kutega masikio ndio waliovumbua. La pili ni la tahadhari: kitu kilichoamka bila kutengenezwa bado kinabeba ugonjwa wake. Angani hakuna fundi wa kuitwa, na wapenzi wa redio hawana budi kushukuru kwa kila mzunguko wanaojaliwa. Hapa chini fundi yupo. Jokofu lililozima mara moja lapasa kuandikiwa taarifa siku hiyo hiyo, hata kama linanguruma vizuri. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.