Milango Kenda ya Beijing

Zamani, katika mji wa Beijing, hakuna mtu aliyesahau saa ya kufunga milango. Jua likikaribia kuchwa, askari wa zamu alishika nyundo, akagonga kibao cha chuma kilichotundikwa, kama kile kipande cha reli kinachogongwa kuwaita watoto shuleni. Kwanza aligonga polepole, kisha upesi, kisha upesi zaidi. Hapo watu waliokuwa nje walianza kukimbia: mchuuzi na vikapu vyake viwili vinavyoning'inia begani, mkulima na punda wake, mama na mtoto wake. Aliyewahi alilala kwake. Aliyechelewa alikuta mbao nene zimekwisha fungwa na komeo limewekwa, naye akatafuta mahali pa kulala nje.

Beijing ni mji mkuu wa nchi ya China. Katika lugha ya Wachina neno *bei* maana yake kaskazini, na neno *jing* maana yake mji mkuu. Vitabu vya zamani vya Wazungu viliandika Peking, lakini mji ni ule ule. Tena shikeni neno moja zaidi, maana litarudi mara nyingi: *men*, yaani mlango.

Mji huo ulijengwa mara nyingi juu ya mji mwingine. Mwaka 1267 Kubilai, mfalme wa Wamongoli waliotawala China, alianza kujenga hapo mji mkubwa, akauzungushia ukuta wa udongo. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1368, Wachina waliwafukuza Wamongoli. Kisha mfalme Yongle, wa ukoo wa Ming, akaamua kuhamia huko kutoka mji wa Nanjing. Kazi ya kujenga jumba lake ilianza mwaka 1406, ikaisha mwaka 1420. Ukuta wa mji ulivikwa matofali nje na ndani, lakini moyo wake ulibaki udongo ulioshindiliwa kwa nguvu. Urefu wa kuuzunguka ulikuwa kilometa 24 hivi. Kimo chake kilipita mita 10. Juu yake palikuwa papana hata magari ya farasi yangaliweza kupishana bila shida.

Matofali yale hayakuwa kama haya ya nyumba zetu. Tofali moja lilikuwa na uzito wa kilo 20 na zaidi. Mengi yalitoka mbali, yakaletwa kwa mashua katika mfereji mkubwa uliochimbwa na watu tangu kale. Mengine yalipigwa chapa: mwaka, tanuru, na jina la mfanyakazi. Tofali likionekana bovu, wakubwa walijua mara moja wamwite nani.

Katika ukuta huo mlikuwa na milango kenda. Lakini msifikiri mlango wa nyumba. Kila mlango ulikuwa kama ngome. Kwanza, upande wa nje, palisimama mnara mnene wenye madirisha madogo mengi, na kila dirisha lilikuwa nafasi ya mpiga mishale. Mnara wa Deshengmen una madirisha ya namna hiyo 82. Nyuma ya mnara huo palikuwa na ua uliozungukwa na ukuta. Ndipo ulipofuata mlango wenyewe, na juu yake jumba refu la mbao lenye mapaa ya vigae. Adui aliyevunja mlango wa kwanza alijikuta ndani ya ua kama panya ndani ya mtungi, na askari wakampiga kutoka pande zote nne.

Kila mlango ulikuwa na kazi yake. Hapo ndipo mtu anaweza kuona jinsi mji mkubwa unavyokula, unavyokunywa na unavyoota moto.

Chakula kiliingia kwa upande wa mashariki. Mchele na nafaka nyingine zilitoka kusini, zikapanda kwa ule mfereji mkubwa, zikashushwa karibu na mji, zikaingia kwa mlango wa Chaoyangmen. Hapo karibu palijengwa ghala nyingi. Ghala moja, iliyoanzishwa mwaka 1409, ingali na majengo yake mpaka leo. Ndani ya Chaoyangmen palichorwa suke la nafaka katika jiwe. Mbao za kujengea ziliingia kwa mlango wa jirani, Dongzhimen.

Moto uliingia kwa upande wa magharibi. Beijing ina baridi kali sana wakati wa Januari. Maji huganda yakawa magumu kama mawe. Bila makaa watu wangalikufa. Makaa ya mawe yalichimbwa katika milima ya magharibi, yakaletwa kwa ngamia. Ngamia ni mnyama mrefu kuliko farasi, mwenye nundu mgongoni, tena mvumilivu sana. Walifungwa kamba mmoja nyuma ya mwingine, wakaja wakitembea polepole na magunia meusi, kengele zikilia shingoni, wakaingia kwa mlango wa Fuchengmen. Wafanya biashara ya makaa walitoa fedha, wakachongesha ua la mti katika jiwe la mlango huo. Kwa nini ua? Kwa Kichina neno la makaa na neno la ua hilo hutamkwa sawasawa: *mei*. Huo ulikuwa mzaha wao, na watu walicheka kila walipopita.

Maji nayo yalikuwa na mlango wake, Xizhimen. Visima vingi vya Beijing vilikuwa na maji machungu. Maskini waliyanywa hivyo hivyo, au walinunua maji matamu kwa wachuuzi walioyasukuma kwa magari ya gurudumu moja. Lakini mfalme hakunywa maji ya kisima. Kila siku magari yalikwenda kwenye chemchemi ya mlima mmoja nje ya mji, yakarudi na mapipa kwa Xizhimen.

Jeshi liliondoka kwa Deshengmen, jina lenye sauti ya kushinda, likarudi kwa Andingmen, mlango wa amani. Watu huongeza kwamba kwa Andingmen hiyo hiyo yalitoka magari ya mavi ya mji, kwenda kurutubisha mashamba. Yamkini majemadari hawakupenda kukutana nayo. Pombe iliingia kwa Chongwenmen, na hapo wakubwa wa kodi walikaa macho wazi. Mlango huu haukuwa na kibao. Jioni walipiga kengele.

Mlango wa huzuni uliitwa Xuanwumen. Waliohukumiwa kufa walipitishwa hapo, wakapelekwa mahali panapoitwa Caishikou, yaani soko la mboga. Asubuhi watu waliuza kabichi pale pale, na siku ya hukumu walisimama kutazama. Karibu na mlango huo huo aliishi Padri Matteo Ricci, Mjesuiti wa Italia, aliyeingia Beijing mwaka 1601 na kumpa mfalme saa zinazolia zenyewe. Kanisa limesimama mahali hapo hata leo. Jengo la sasa ni la mwaka 1904. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1610, akazikwa nje ya mlango wa makaa, Fuchengmen.

Katikati, upande wa kusini, ulikaa mlango mkubwa kuliko yote, Zhengyangmen. Wenyeji huuita Qianmen, yaani mlango wa mbele. Njia yake ya katikati ilikuwa ya mfalme peke yake. Watu wengine walipita pembeni.

Mwaka 1553, kwa kuogopa wapanda farasi wa kaskazini, wakubwa walianza kujenga ukuta wa pili nje ya ule wa kwanza. Walitaka uzunguke mji wote, lakini fedha zikapunguka, wakajenga upande wa kusini tu. Kwa hiyo mji katika ramani ulionekana kama mtu aliyevaa kofia. Ukuta huo ulikuwa na milango saba zaidi.

Mwaka 1644 Wamanchu walitoka kaskazini, wakautwaa mji. Muda si mrefu, mwaka 1648, waliamuru Wachina wote watoke katika mji wa ndani, wakakae upande wa kusini. Nyumba zao zikapewa askari wa Kimanchu na jamaa zao. Fikirini watu wale wakibeba vitanda na vyungu kupita Qianmen, wengine wakiacha nyumba walimozaliwa babu zao. Lakini hawakukaa wakilia. Walifungua maduka nje ya mlango, na mtaa wa Qianmen ukawa na biashara kuliko mitaa yote. Majina ya njia zake yanasema hadithi hiyo mpaka leo: njia ya soko la makaa, njia ya maduka ya nafaka, njia ya vito, mdomo wa samaki wabichi. Njia moja, ya soko la fedha, ni nyembamba mno. Mahali fulani upana wake ni sentimeta 40 tu. Watu wawili wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma.

Njia ndogo za namna hiyo huitwa *hutong*. Pande zote mbili mtu huona kuta za kijivu tu na milango midogo ya mbao. Nyumba zimejificha ndani. Ukiingia, kwanza unakutana na ukuta mfupi uliosimama mbele yako, ili mpita njia asione mambo ya ndani. Na wazee walisema roho mbaya haziwezi kukata kona. Ukizunguka ukuta huo unafika katika ua wenye nyumba nne, moja kila upande. Babu na bibi walikaa katika nyumba ya kaskazini, inayotazama jua. Wana walioolewa kwao wake walikaa mashariki na magharibi. Katikati ya ua palikuwa na mti, na labda mtungi wa samaki wadogo wekundu.

Mwaka 1912 ufalme ulikwisha. Mji sasa ulitaka njia pana za magari na treni, na milango ilizuia. Mwaka 1915 ua wa Qianmen ulibomolewa. Hata hivyo sehemu kubwa ya ukuta ilikuwa ingali imesimama mwaka 1949, ilipoanza serikali mpya.

Ndipo mabishano makubwa yakaanza. Wengi walisema: Ukuta ni kitu cha wafalme. Hauzuii adui tena, unazuia watu wanaokwenda kazini. Tubomoe, matofali yatujengee nyumba. Maneno hayo hayakuwa ya upumbavu. Mji ulijaa watu. Ua uliokuwa wa jamaa moja sasa ulikaliwa na jamaa tano au zaidi, na wote walikwenda choo kimoja cha njiani, hata wakati wa baridi.

Lakini mtu mmoja, Liang Sicheng, mtaalamu wa majengo, alikataa. Alikuwa ametembea mikoani miaka mingi akipima majengo ya kale, mengine yakiwa yamesahauliwa kabisa. Mwaka 1950, pamoja na mwenzake Chen Zhanxiang, aliwaandikia wakubwa: Jengeni ofisi mpya upande wa magharibi, nje ya mji wa kale, nao mji wa kale uachwe mzima. Tena alichora picha ya ukuta uliogeuzwa bustani. Juu yake kuna maua na viti, wafanyakazi wanapumzika jioni wakitazama milima. Magari yapewe njia mpya kando ya milango.

Hawakumsikiliza. Yongdingmen, mlango wa kusini kabisa, ulibomolewa mwaka 1957. Mwaka 1965 ilianza kazi ya kuchimba njia ya treni chini ya ardhi. Wahandisi walichagua mstari wa ukuta, maana pale hapakuwa na haja ya kubomoa nyumba nyingi za watu. Ukuta ukaondoka, shimo likachimbwa mahali pake.

Mwaka 1969 ikafika zamu ya Xizhimen, mlango wa maji. Wafanyakazi walipokuwa wakibomoa mnara wake wa nje, jambo la ajabu likatokea. Ndani ya matofali walikuta mlango mwingine, mzee zaidi. Ulikuwa mlango wa wakati wa Wamongoli, uliojengwa mwaka 1358. Wajenzi wa Ming hawakuuvunja. Walijenga wao juu yake, wakaufunika kama kokwa ndani ya tunda. Kwa miaka mia tano na zaidi watu walipita karibu nao bila kujua. Wataalamu walikuja, wakaupima, wakapiga picha. Kisha nao ukabomolewa. Liang Sicheng alikufa mwaka 1972, baada ya kuona karibu milango yote ikianguka.

Ukuta ulipokuwa ukivunjwa, watu wa mtaani walibeba matofali. Wakajengea vibanda, mazizi ya kuku, na mahandaki ya kujificha na mabomu. Hapo ndipo jambo jingine lilipotokea. Katika miaka ya 1990 serikali ya mji ilitaka kutengeneza kipande cha ukuta kilichosalia, upande wa kusini mashariki. Ikawaomba wenyeji: Mwenye tofali la ukuta alirudishe. Watu wakaja. Wengine walileta kwa baisikeli, wengine kwa mikokoteni, matofali maelfu kwa maelfu. Leo kipande hicho ni bustani, iliyofunguliwa mwaka 2002. Urefu wake ni kilometa moja na nusu hivi, na mwishoni upo mnara wa pembe wenye madirisha ya mishale 144. Yongdingmen nao ulijengwa upya mwaka 2004. Ni mzuri, lakini ni mpya.

Siku hizi treni ya chini ya ardhi, njia ya 2, huuzunguka mji wa kale mahali ulipokuwa ukuta, vituo 18. Abiria husikia majina yakitajwa: Xizhimen, Fuchengmen, Xuanwumen, Qianmen, Chongwenmen, Chaoyangmen, Dongzhimen, Andingmen. Akipanda ngazi kutoka kituoni, katika vituo saba kati ya hivyo atakuta magari na maghorofa tu. Qianmen peke yake ataona mlango wenyewe, mrefu, na vigae vyake. Na Deshengmen, ambao mnara wake uliponea chupuchupu mwaka 1979, ungali umesimama na madirisha yake 82. Lakini katika njia hiyo hauna kituo cha jina lake.