Hujui kuoka? Sufuria moja yatosha kuchangisha pesa

Uko kwenye mkutano wa klabu. Mwenyekiti anauliza nani ataleta nini siku ya mauzo. Mmoja anasema keki, mwingine biskuti za chokoleti, wa tatu anaahidi mkate wa mayai wa nyanyake. Macho yanakugeukia wewe, ambaye mara ya mwisho ulipojaribu keki ilitoka nyeusi juu na uji ndani. Kwenu hata oveni hakuna. Unajisikia ukisema, "Mimi nitaleta soda."

Usilete soda. Soda kila mtu anaijua bei yake, na faida ni shilingi chache tu. Kama unaishi kisiwani Mombasa, umezungukwa na vitamu ambavyo havijawahi kuiona oveni. Pita Mji wa Kale jioni, kuanzia Fort Jesus uingie Ndia Kuu hadi Kibokoni, uangalie watu wanatafuna nini. Kashata na kahawa tungu. Mabuyu yanayoacha ulimi mwekundu. Achari ya embe, kachiri za mhogo, visheti, kaimati. Hata huo mkate wa mayai, mabibi zetu waliupika kwenye sufuria juu ya makaa, na makaa mengine yakapaliwa juu ya kifuniko. Oveni imekuja juzi tu.

Tena, joto la huku si rafiki wa keki ya krimu. Ukiiweka mezani saa nne asubuhi, kufikia saa sita imeshalala. Kashata haina shida hiyo.

Lakini kabla hujakimbilia jikoni, nikwambie lililotupata sisi.

Nilipokuwa kidato cha tatu, timu yetu ya voliboli ilihitaji nauli ya kwenda mashindano nje ya mji. Tukaamua kuuza vitafunio. Tulipika kila tulichokijua na tusichokijua, na kufikia saa nane mchana meza ilikuwa tupu. Tulipomwaga sarafu mezani tulipiga vigelegele. Kumbe sukari, unga na mafuta tulikuwa tumekopa duka la mtaani, na hakuna aliyeandika kitu. Tulipomaliza kulipa deni, nauli ya wachezaji wawili ilikuwa haipo. Mmoja wao alikuwa jirani yangu wa dawati. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina.

Kwa hiyo makala haya yana sehemu mbili: utapika nini, na utahesabu vipi. Usisome ya kwanza ukaiacha ya pili.

Kashata za njugu

Hizi ndizo za kuanzia. Unahitaji vitu vitatu tu: njugu, sukari na iliki. Kipimo ni vikombe viwili vya njugu kwa kikombe kimoja cha sukari.

Kaanga njugu kavukavu, bila mafuta, kwa moto mdogo hadi zinukie na maganda yaanze kuachia. Zisugue kwa kitambaa safi, pepeta maganda. Kabla hujaweka sukari motoni, tayarisha pa kumwagia: sinia au ubao wa chapati uliopakwa mafuta kidogo, na mpini wa chapati uliopakwa vilevile. Ukianza kutafuta sinia wakati sukari imeshaiva, umechelewa.

Sasa sukari. Iweke peke yake kwenye sufuria nzito, bila maji, moto mdogo. Itaanza kuyeyuka pembeni. Isukume polepole kwa mwiko hadi yote iwe maji ya rangi ya asali. Hapo hapo tia njugu na iliki, geuza mara mbili tatu, mwaga kwenye sinia, bana kwa mpini, na ukate vipande ikiwa bado moto. Una kama dakika mbili. Ikishapoa haikatiki, inavunjika tu.

Wengi huharibu hapa kwa kungojea rangi ikolee zaidi. Sukari ikishafika rangi ya asali haikungoji. Ukienda kujibu simu utarudi ukute moshi, na kashata chungu hakuna anayerudia ya pili.

Na jihadhari. Maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini sukari inayogeuka rangi hupita 160, na ikikuangukia inaganda kwenye ngozi. Usiionje kwa kidole. Watoto wadogo watoke jikoni. Weka beseni la maji baridi karibu, na ukiungua tia mkono humo mara moja, si dawa ya meno.

Kashata za nazi

Kama sukari ya kuyeyusha inakutisha, anza na nazi, kwa sababu hapa kuna maji na mambo yanakwenda taratibu. Vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha maji, iliki na chembe ya chumvi. Chemsha sukari na maji hadi shira ianze kunata ukiibana kati ya vijiko viwili. Tia nazi, koroga bila kuacha kama dakika kumi, hadi mchanganyiko uache kushika ukingo wa sufuria. Mwaga kwenye sinia, sawazisha, ngojea ipoe kidogo, kata.

Ukitaka rangi, gawa mara mbili, nusu iache nyeupe na nusu tia rangi ya waridi kidogo. Mezani zitavutia bila wewe kujua upambaji wowote.

Kumbuka nazi ina unyevu. Pika jana, uza leo. Usiziweke wiki nzima.

Mabuyu

Haya hayana mpinzani kwa wanafunzi. Mibuyu mikubwa unaiona hata pale Mama Ngina, lakini tunda lililokwisha kuvunjwa utalipata Marikiti au kwa wauzaji wa viungo.

Chekecha mabuyu yako, vikombe vitatu hivi, unga unaodondoka uweke pembeni. Chemsha kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, tia rangi nyekundu, chembe ya chumvi, iliki, na pilipili ya unga kadiri ya ujasiri wako. Shira ikianza kuwa nzito tia ule unga, koroga, kisha mimina mabuyu. Punguza moto na uendelee kugeuza hadi kila punje ivae koti lake na shira ikauke. Yatandaze kwenye sinia yapoe, yasishikane.

Uzuri wa mabuyu ni kwamba hayavunjiki na hayahitaji kukatwa sawasawa. Aliye na mikono mizito kama yangu atapona hapa.

Tende, kwa asiyeweza hata kuwasha jiko

Toa kokwa, weka korosho au njugu iliyokaangwa mahali pake, funga, viringisha kwenye nazi kavu. Basi. Hakuna moto wala kipimo. Tende si rahisi kwa bei, kwa hiyo panga tatu tatu badala ya kuuza kwa kisahani.

Achia wenyewe

Kaimati, viazi karai na bajia ni tamu, lakini zinataka mafuta ya moto, mkono uliozoea, na kuuzwa zikiwa moto. Kaimati ya asubuhi ikiliwa alasiri ni kama mpira. Kama hujawahi kuzipika, siku ya mauzo si siku ya kujifunzia. Kina mama wa mitaani wamezipika miaka, na wateja wako wanawajua.

Na kama umenunua mabuyu au achari ya jumla ukapakia upya, ni halali, lakini sema hivyo. Mtu akikuuliza "umepika mwenyewe?" mjibu ukweli. Mombasa ni kisiwa kidogo, na aliyepika mabuyu yale pengine ni shangazi yake.

Hesabu, kabla ya jiko

Chukua daftari. Tuseme unapika kashata kwa kilo moja ya njugu. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Nenda Marikiti uulize za leo.

Njugu Sh300. Sukari robo tatu ya kilo Sh120. Iliki Sh20. Makaa Sh60. Karatasi za kufungia Sh60. Jumla Sh560. Tuseme unapata vipande 70. Gawanya: kila kipande kimekugharimu Sh8.

Ukiuza kwa Sh10 utadhani umepata faida ya Sh140. Lakini ngoja. Vipande kumi vitavunjika wakati wa kukata. Vitano vitaliwa na marafiki wa "nionjeshe tu". Umebaki na 55, ambavyo kwa Sh10 ni Sh550. Umefanya kazi siku nzima ukapata hasara ya Sh10.

Vipande hivyo hivyo 55 ukiviuza Sh15 unapata Sh825, yaani faida ya Sh265. Tofauti si upishi. Tofauti ni kwamba umekaa chini dakika kumi na kalamu.

Mambo matatu ya kuandika daftarini: kila kilichonunuliwa, kila kilichotoka jikoni kwa mama (sukari ya mama si ya bure, alimlipa mtu), na kila kipande kilichotolewa bila pesa. Mweka hazina asiwe mtu mmoja. Wawe wawili, wahesabu pamoja, wasaini pamoja. Si kwa sababu mmoja ni mwizi. Ni kwa sababu mmoja huchoka, na akikosea hana wa kumwambia.

Usafi na sheria

Njugu zichambue moja moja. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, hata kama inauma kuitupa. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2004 mahindi yaliyoingia sumu hiyo yaliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya. Kikapu cha njugu za bei ya kutupa kina sababu ya kuwa bei ya kutupa.

Kuna watu ambao njugu huwadhuru vibaya hata kwa kuonja tu. Weka karatasi mezani iliyoandikwa wazi: "Hizi zina njugu." Usichanganye mwiko wa kashata za njugu na wa nazi.

Kufungia: ile mifuko ya plastiki ya zamani ya mabuyu isahau, ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Tumia karatasi nyeupe safi, ikunje iwe kama pia, au vikombe vidogo vya karatasi. Gazeti lisiguse chakula, wino wake hushika kwenye shira. Na kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina unyevu, kashata za njugu zikiachwa wazi usiku mmoja zitaanza kunata. Ziweke kwenye mkebe wenye kifuniko, karatasi kati ya safu na safu.

Pa kuuzia: ndani ya uwanja wa shule, madrasa au klabu, kwa ruhusa ya mkuu wa pale. Kupanga meza barabarani ni jambo jingine. Biashara mtaani inataka kibali cha kaunti, na anayeuza chakula anatakiwa awe na cheti cha afya. Askari wa kaunti akibeba sinia lako, maelezo kwamba mnachangia timu hayatalirudisha.

Siku yenyewe

Panga bei ya mviringo, Sh15 au Sh20, na uwe na chenji ya sarafu tangu asubuhi. Andika bei kwa herufi kubwa, kuna wateja wanaoona haya kuuliza. Aliyeshika pesa asishike chakula. Andika pia mnachangia nini. "Kashata" itauza, lakini "Kashata: nauli ya timu" itamfanya mwalimu anunue tano badala ya moja.

Sisi tulirudi muhula uliofuata. Hatukupika aina tisa, tulipika mbili, kashata za nazi na mabuyu. Hatukukopa popote, kila mchezaji alileta Sh50 za kuanzia na jina lake likaandikwa. Mezani hapakuwa na kitu cha kustaajabisha. Lakini jirani yangu wa dawati alikuwa wa kwanza kupanda basi, akakaa dirishani, na hakuniachia kiti hicho hadi tuliporudi.

Kwa hiyo kama mauzo yenu ni Jumamosi, pika sinia dogo la majaribio Jumatano. Liunguze kama ni lazima liungue. Ijumaa usiku mkono utakuwa unajua.