Si Kila Uvimbe ni Saratani

Lugha ina desturi ya kumtangulia tabibu. Huku kwetu Mombasa bara, toka Likoni hata Kisauni na Changamwe, mtoto akiota uvimbe mgumu pajani, neno la kwanza kunong'onwa barazani ni saratani. Tumelipokea neno hilo kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Walatini nao waliyaita maradhi hayo kwa jina la mnyama huyohuyo. Likishatamkwa, hung'ang'ania. Wazazi huambiwa kwamba saratani haina dawa (kauli ambayo yenyewe si kweli), na safari ya hospitali huahirishwa.

Hali yapo maradhi ya kuvu yanayofanana mno na saratani. Mojawapo huletwa na kuvu ambayo wataalamu huiita Basidiobolus. Huishi katika majani yaliyooza na matumboni mwa mijusi na vyura, majirani zetu wa kila siku. Hushika watoto zaidi, aghalabu mapajani na makalioni. Uvimbe huwa mgumu kama ubao, kwa kawaida hauumi, nao huenea polepole chini ya ngozi. Mwaka 1964, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji huko Mulago, Kampala, alieleza pamoja na wenzake habari za wagonjwa 31 wa Uganda. Ajabu ni kwamba ndiye huyo aliyekuwa ameeleza, mwaka 1958, saratani ya taya za watoto ambayo leo hubeba jina lake.

Macho hayatoshi kuyatenga maradhi haya. Hukatwa kipande kidogo cha uvimbe, kikatazamwa kwa darubini. Ikionekana kuvu, mgonjwa hupewa dawa ya kumeza, kama vile iodidi ya potasiamu au itrakonazoli, kwa miezi kadhaa, na mara nyingi hupona bila ya kukatwa kiungo. Wala sisemi uvimbe udharauliwe. Ikiwa ni saratani kweli, kuchelewa ni hatari zaidi.

Lawama nyingine ni ya sisi walimu. Neno kuvu tumelifungia katika mkate uliolala na mapunye ya kichwani, hata mwanafunzi hadhani laweza kutaja uvimbe wa paja. Na mwalimu ndiye aonaye mapema mtoto anayeketi upande kwenye dawati. Amwite mzazi, amhimize kwenda hospitali na kuuliza: kipande kimekwisha kupimwa, na je, kuvu nayo imetafutwa?