Vigawo Tasa vya 61,741,120: Idadi ya Watu wa Tanzania Ikitazamwa Kutoka Kahe

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliipatia Tanzania namba moja iliyokaririwa kuliko nyingine zote: 61,741,120. Ndani yake wamo wakazi wa Kahe, tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi, ambao huhesabiwa katika kata mbili, Kahe Mashariki na Kahe Magharibi, kisha hujumlishwa katika wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Makala haya yanaichunguza namba hiyo kama namba nzima, na kuuliza ni sifa zake zipi zinazoweza kurudishwa hadi Kahe.

Namba hiyo hugawanyika kwa 2 mara sita mfululizo, ndipo inapobaki 964,705, ambayo ni witiri. Ikigawanywa kwa 5 hupatikana 192,941, na kwa 7 hupatikana 27,563. Hapo kazi huwa ngumu. Namba tasa zote kuanzia 7 hadi 41 hushindwa. 43 ndiyo inayofaulu, na jibu ni 641. Hakuna haja ya kuipima zaidi 641, kwa kuwa kigawo chake chochote kidogo kingalikwisha kuonekana njiani. Ni tasa. Tena ni tasa yenye historia: Euler aliitumia katika karne ya 18 kuonyesha kwamba 4,294,967,297, ambayo Fermat aliidhani kuwa tasa, ni zao la 641 na 6,700,417.

Kwa hiyo 61,741,120 ni 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641, na ina vigawo 112. Vigawo hivyo vikijumlishwa bila namba yenyewe, hupatikana 110,458,688. Kwa kuwa jumla hiyo inaizidi namba yenyewe, namba huwekwa katika kundi la namba ziada; ingalikuwa sawa nayo, ingaliitwa kamilifu, kama ilivyo 6.

Je, sifa hizi zinashuka hadi kwenye sehemu zilizojumlishwa? Sensa ilihesabu wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Kila moja ya namba hizi hugawanyika kwa 2 mara moja tu, ilhali jumla yake hugawanyika mara sita. Kwa 7, ya kwanza huacha baki 2 na ya pili baki 5. Mabaki hayo ndiyo yanayokamilishana. Mkoa wa Kilimanjaro, wenye watu 1,861,934, huacha baki 4 kwa 7 hiyo hiyo, na kigawo kikubwa cha shirika kati ya mkoa na taifa ni 2 tu. Vigawo tasa huzaliwa na kuzidisha, na sensa haizidishi, hujumlisha. Mwanafunzi anayeona 7 katika idadi ya taifa na kudhani kwamba kata za Kahe nazo zinaweza kugawiwa katika mafungu saba yaliyo sawa, amechanganya matendo mawili.

Udhaifu wa sifa hizo huonekana hata kwa mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa Kahe baada ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 hakuhesabiwa. Angaliongezwa, namba ingalikuwa 61,741,121: witiri, isiyogawanyika kwa 2, 3, 5 wala 7, bali kwa 13, na ingalitoka katika kundi la namba ziada na kuingia katika namba pungufu.