Mashine ya CNC ya Kujitengenezea: Mwongozo kwa Seremala wa Lubumbashi

Mashine ya CNC ya mbao ni meza iliyofungwa mota yenye kisu, na mota hiyo husogezwa kwa amri za kompyuta kwenye mihimili mitatu: X kwa kushoto na kulia, Y kwa mbele na nyuma, Z kwa juu na chini. Mchoro wa ua, herufi au nakshi hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba, na kila namba hueleza kisu kiende wapi na kwa mwendo gani. Asili yake ni Marekani. John Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta huko Michigan, ndiye aliyeanzisha wazo hilo, na mashine ya kwanza ilionyeshwa hadharani katika chuo cha MIT mwaka 1952. Kwa miongo mingi ilibaki mali ya viwanda vikubwa. Iliyoifikisha kwa fundi wa kawaida ni bodi ndogo ya Arduino, iliyoanzishwa Italia mwaka 2005, pamoja na GRBL, programu ya bure ya kuendeshea mashine kwa bodi hiyo, iliyotolewa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway.

Lubumbashi ina sababu nzuri za kuipokea. Mji huu uliasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na karne nzima ya migodi imeacha humo watu wanaojua kuchomelea, kukereza chuma na kufunga umeme. Shule kama Institut Salama ya Wasalesiani hufundisha vijana kazi hizo hizo, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo chake cha uhandisi. Kwa upande mwingine wako maseremala wa kata za mji za Katuba, Kenya na Kampemba, wanaochonga vitanda, milango na makabati kwa patasi na msumeno. Mashine ya kiwandani huuzwa kwa maelfu ya dola. Ya kujitengenezea, kwa anayeokoteza vipuri kwa subira, hugharimu mia chache, na sehemu kubwa ya ujuzi unaohitajika tayari iko mjini.

Anayeanza hudhani kwamba ugumu uko kwenye waya na kompyuta. Sivyo. Vipande vya elektroniki huja vikiwa tayari na bei yake ni ndogo. Fremu ndiyo inayoamua kama mashine itachonga au itatetemeka. Kisu kinapoingia kwenye mbao husukumwa pembeni, na fremu ikilegea hata kwa milimita moja, duara hutoka yai na mfereji hutoka na kingo zenye meno. Kwa hiyo pesa na muda viwekwe kwanza hapo.

Bomba la mraba la chuma la milimita 40 kwa 40 linatosha kwa mashine yenye eneo la kazi la milimita 400 kwa 600, ukubwa unaomudu paneli ya mlango, mgongo wa kiti au kibao cha duka. Kuchomelea huvuta chuma na kukipindisha. Fundi mzuri hushikiza kwanza kila pembe kwa nukta ndogo, hupima, kisha humalizia kwa zamu, pembe hii halafu ile ya mkabala, akiacha chuma kipoe. Kipimo cha kuaminika ni ulalo: kutoka pembe hadi pembe, ulalo wa kwanza ulingane na wa pili. Fremu ya milimita 600 kwa 800 ina ulalo wa milimita 1,000 kamili, hesabu ambayo kila mjenzi anaijua.

Wengine huanza na tripleksi au MDF kwa sababu hukatwa kirahisi na hazihitaji mchomeleaji. Zinafaa kwa kujifunzia, lakini katika Haut-Katanga kiangazi kikavu hufuatwa na miezi ya mvua kubwa, na MDF iliyonyonya unyevu huvimba na kuvuruga vipimo vyote. Anayeitumia apake vanishi pande zote, hasa kwenye kingo zilizokatwa, maana ndiko maji huingilia.

Juu ya fremu hukaa reli. Njia rahisi ni chuma cha pembe kilichosafishwa vizuri, kikipitiwa na beringi namba 608, zile za milimita 22 kwa nje na tundu la milimita 8, ambazo hupatikana hata kwenye viatu vya magurudumu. Nondo laini za chuma kutoka kwenye printa na mashine za fotokopi hufaa kwa mhimili wa Z, ambao ni mfupi. Kwa mihimili mirefu si salama, kwa kuwa nondo iliyoshikwa ncha mbili tu, urefu wake ukizidishwa mara 2, hupinda mara 8 chini ya mzigo ule ule.

Kusogeza ni kazi ya skrubu. Ile ya dukani yenye kipenyo cha milimita 8 husogeza milimita 1.25 tu kwa kila mzunguko, kwa hiyo ni ya polepole na huchakaa upesi. Afadhali skrubu maalumu iitwayo T8, inayosogeza milimita 8 kwa mzunguko, pamoja na nati yenye springi ya kuondoa ulegevu.

Mota zinazozungusha skrubu hizo huzunguka kwa hatua: 200 kwa mzunguko mmoja. Hapa wengi huvutwa na vifaa vilivyotupwa, na kweli Afrika imeonyesha mengi kwa njia hiyo. Huko Lomé, Togo, mwaka 2013, Afate Gnikou alijulikana kwa printa ya 3D aliyoiunda zaidi kwa taka za elektroniki, na Nairobi kampuni ya AB3D nayo imeunda printa zake kwa vipuri vya namna hiyo. Lakini printa ya 3D haisukumani na kitu. Kisu cha mbao husukumana na mbao ngumu kama mninga, na mota iliyotolewa kwenye printa ya ofisi hushindwa na kuruka hatua. Kwa mashine ya ukubwa uliotajwa, mota za aina ya NEMA 23, zikiongozwa na draiva za TB6600 na kulishwa volti 24, ndizo za kutegemewa. Sharti moja lisisahaulike: waya wa mota usichomolewe kwenye draiva wakati umeme umewaka, kwani draiva huungua papo hapo. Kisu chenyewe huzungushwa na ruta ndogo ya mkononi ya volti 220.

Halafu kuna umeme wa kukatika, jambo ambalo miongozo mingi ya Ulaya hailigusi na ambalo kwa Lubumbashi ni la kila wiki. GRBL haikumbuki mahali ilipokuwa baada ya kuzimika. Dawa yake ni kutoboa tundu dogo kwenye kona ya ubao isiyotumika na kuanzia hesabu zote hapo. Umeme ukirudi, kisu kinyanyuliwe kwanza, kirudishwe juu ya tundu lile, sifuri iwekwe upya, ndipo kazi iendelee kutoka mistari michache kabla ya pale ilipokatikia. Kazi ndefu igawanywe katika faili fupi fupi.

Wazo la kuweka mota kwenye betri na kuiacha ruta kwenye umeme wa mji lina hatari: umeme ukikatika, ruta husimama huku mota zikiendelea kusukuma, na kisu huvunjika. Vyote viwili vizimike pamoja. Tena ruta iliyoachwa swichi ikiwa imewashwa huanza kuzunguka yenyewe umeme unaporudi, pengine mkono wa fundi ukiwa karibu. Kontakta inayohitaji kubonyezwa upya ili kuwasha hugharimu kidogo kuliko kidole. Kando yake liwekwe kitufe chekundu cha dharura, mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Upande wa programu hauna gharama. Mchoro huchorwa kwa Inkscape au FreeCAD, hugeuzwa kuwa amri za G-code, kisha hutumwa kwenye bodi ya Arduino kwa Universal Gcode Sender. Kompyuta ya zamani inatosha. Amri zenyewe ni chache na huzoeleka upesi: G0 husogeza haraka bila kukata, G1 hukata kwa mwendo uliowekwa, M5 husimamisha ruta ikiwa imeunganishwa na bodi.

Kabla ya kukata, mashine ifundishwe milimita. Skrubu ya T8 na draiva iliyowekwa kugawa kila hatua mara 8 huhitaji hatua 200 kwa milimita moja. Mashine iamriwe isogee milimita 100, kisha ipimwe kwa rula ya chuma. Ikisogea 98, basi 200 huzidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa 98, jibu ni 204.08, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye GRBL. Kila mhimili hupimwa peke yake.

Mbao ngumu za miombo zinataka mwendo wa kuhesabiwa. Ruta inayozunguka mara 10,000 kwa dakika, ikiwa na kisu chenye makali 2, na kila kali likichukua milimita 0.05, isogee milimita 1,000 kwa dakika. Ikienda polepole mno, kisu husugua badala ya kukata, na mbao huungua. Kwa kisu cha milimita 3, kina cha milimita 1 kwa kila mpito kinatosha kwa anayeanza. Mazoezi yafanywe kwenye mabaki ya mbao laini. Mti wa mukula, ambao umechotwa kwa pupa katika misitu ya Katanga na ambao tangu 2019 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES, usipotezwe kwa majaribio.

Vumbi nalo lisichukuliwe kwa wepesi: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Barakoa nzuri, miwani, na bomba la kufyonza vumbi karibu na kisu ni sehemu ya mashine.

Mashine iliyojengwa hivi haifai kukata chuma, na ubao mzima wa tripleksi hauingii mezani pake. Lakini kwa nakshi za milango, herufi za vibao na vipande vya kiti vinavyotakiwa kulingana vyote kumi, inatosha kabisa. Fundi anayetaka kuanza atafute kwanza mchomeleaji mwenye mkono mtulivu; mota na bodi zinaweza kuagizwa huku fremu ikiendelea kuundwa.