Walutheri wa Muyinga na ugomvi wa ngoma, lugha na viazi

Ukimwambia mtu hapa Burundi kwamba wewe ni Mlutheri, tegemea maswali mawili. Kwanza atauliza hilo ni dhehebu gani, kwa sababu nchi hii kwa sehemu kubwa ni ya Wakatoliki tangu Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Pili atauliza: “Mlikuwa mmekimbilia wapi?”

Swali hili la pili ndilo lenye maana. Walutheri wa Burundi ni wachache, na wengi wetu hatukuupata Ulutheri nyumbani. Tuliupata ukimbizini Tanzania, tukarudi nao pamoja na masufuria, magodoro na vyeti vya shule. Kati ya mwaka 2002 na 2010 zaidi ya Warundi nusu milioni walirejea, wengi wao kutoka Tanzania. Wenzetu wa Rwanda nao wana historia ya namna hiyo, kwani Kanisa la Kilutheri la huko lilianzishwa na watu waliorudi kutoka Tanzania baada ya mauaji ya 1994.

Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1972. Mimi nilizaliwa Ngara, nikasoma shule ya msingi huko huko na sekondari Bukoba. Sasa ninafundisha Kiswahili mjini Gitega, na mwisho wa wiki, nauli ikitosha na petroli ikipatikana, napanda basi la kupitia Karuzi hadi Muyinga. Huko ndiko kwetu na ndiko uliko usharika wetu.

Si usharika mkubwa. Siku ya Krismasi tukijaa kabisa tunafika watu mia moja na ishirini. Nusu ni sisi tuliorudi, ambao hapa tunaitwa abahungutse. Nusu nyingine ni abasangwa, yaani waliokutwa, ambao hawakuondoka nchini hata wakati wa vita vilivyoanza 1993. Hao waliingia kwetu kwa ndoa, kwa ujirani, au kwa sababu tu kanisa letu liko karibu na kwao kuliko parokia.

Katika semina nyingi nilizohudhuria, kuheshimu tamaduni za kigeni maana yake ni kumpokea mgeni kutoka Ulaya, kumvika kitenge, kumpa kikapu na kumchezea ngoma. Ni jambo jema, wala halina gharama kubwa, kwa kuwa keshokutwa mgeni anapanda ndege. Kazi ni kwa mgeni asiyeondoka, anayekaa nawe benchi moja kila Jumapili na kuimba kwa namna inayokuudhi. Na hapa kwetu Muyinga kila upande unaamini kuwa mgeni ni ule mwingine.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa ngoma. Kina mama waliotoka Kagera walirudi na kwaya yao. Kule walikozoea, mama mwenye mkono mwepesi ndiye anayekaa kwenye ngoma, na hakuna anayeshangaa. Jumapili ya kwanza walipoanza kupiga, mzee mmoja msangwa aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka nje.

Anayetoka mbali anaweza kusema mzee huyo ni mkorofi. Lakini kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni utawala pia, na mwenye ngoma alikuwa mfalme. Nimewapeleka wanafunzi wangu Gishora, nje kidogo ya mji wa Gitega, mahali patakatifu pa ngoma panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, ambapo kazi ya kupiga ngoma imerithishwa kutoka baba kwa mwana. UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya Rais ikaeleza kuwa wanawake hawaruhusiwi kuipiga. Kwa hiyo masikioni mwa mama wa Kagera ile ilikuwa ala ya kumsifia Mungu, na masikioni mwa yule mzee ilikuwa kama mwanamke amekwenda kukalia kiti cha mfalme.

Wazee wa kanisa walikaa vikao vitatu. Kikao cha pili walitaka kuondoa ngoma kabisa, jambo ambalo kwa maoni yangu lingekuwa uonevu, maana kina mama wale ndio walioimba katika turubai miaka ambayo hatukuwa na bati wala benchi. Ufumbuzi ulitoka kwa bibi mmoja msangwa, ambaye hakuwa hata mjumbe wa kikao. Alisema wanawake wa Burundi hawajawahi kuwa mabubu: wana imvyino, nyimbo zao za kupokezana kwa makofi, na wana vigelegele. Akawafundisha wanakwaya imvyino tatu, nao wakazitia maneno ya Kiswahili.

Leo ngoma moja iko kanisani na anaipiga kijana wa kiume. Kina mama wana kayamba, na wana dumu la plastiki la lita ishirini wanalolipiga kwa ndala. Sauti ya dumu lile, niseme ukweli, si ya kupendeza. Lakini yule mzee sasa anakaa hadi baraka ya mwisho. Na kina mama wenyewe wakivuka Kobero kwenda kusalimia ndugu zao Ngara, naambiwa hupiga ngoma mpaka mikono inavimba.

Ugomvi wa lugha ulikuwa mrefu zaidi. Sisi tuliorudi tulikuwa na kitabu cha Mwimbieni Bwana, na kuna wazee wetu ambao hawajui kutubu dhambi zao kwa lugha nyingine isipokuwa Kiswahili. Lakini msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa pengine hajui neno Umuswahili lina uzito gani hapa. Kwa Mrundi wa mlimani, Mswahili ni mtu wa mjini, mara nyingi Mwislamu, mwepesi wa maneno, ambaye ukifanya naye biashara lazima uhesabu chenji mara mbili. Kiswahili ni lugha ya soko na ya madereva wa malori. Mama mmoja aliniambia waziwazi: “Mwalimu, mkianza Kiswahili chenu mimi naona kama mnanisengenya mbele ya Mungu.”

Mimi nakula mkate wangu kwa Kiswahili, na ningefurahi kila mtu akiongee. Hata hivyo, waliokuwa wakidai kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya Kilutheri walikuwa wanasahau historia. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta tayari kuna Wahaya Waprotestanti, na hao walikuwa wakisoma Biblia ya Kiganda, kwa sababu injili iliwafikia kutoka Uganda. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani, na Wahaya wakaliendesha kanisa wenyewe. Baadaye walikuja Waswidi. Askofu wa kwanza wa Bukoba, mwaka 1961, alikuwa Msweden, Bengt Sundkler, na aliyempokea mwaka 1964 ni Josiah Kibira, mwana wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri la Dunia. Kwa hiyo hicho tunachokiita kitu chetu cha Kagera kilikuwa kimepita mikononi mwa Waganda, Wajerumani na Waswidi kabla hakijatufikia sisi Warundi. Zaidi ya hapo, Wahangaza wa Ngara waliotupokea wana lugha ambayo Mrundi anaielewa bila mkalimani.

Kijana mmoja msangwa, mwanafunzi wa kipaimara, ndiye aliyewanyamazisha wazee. Aliuliza kikaoni: “Luther alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1522, si alitaka mama wa sokoni aelewe? Mama wa soko letu anaongea nini?” Mwinjilisti akacheka, akaandika kwenye daftari lake.

Ikakubaliwa liturujia na mahubiri viwe kwa Kirundi, na nyimbo zibaki kwa Kiswahili, zikifuatwa na imvyino. Wazee wawili walihama kwa hasira, mmoja amerudi. Lililonichekesha ni kwamba Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi za Burundi katikati ya miaka ya 2000, na siku hizi watoto wa wasangwa wanakiimba vizuri kuliko watoto wa wale waliokipigania.

Sasa nifike kwenye msiba. Msangwa mmoja, mkulima mwenye sauti nzito anayekaa benchi la tatu, alifiwa na mkewe. Jioni ile ile kina mama waliorudi walifika na mafurushi ya kuni vichwani, mikeka na sufuria la uji, wakaingia jikoni bila kuuliza, na usiku ukaingia hawajaondoka. Walilala chini siku tatu, kama walivyofanya Kagera. Kwa desturi ya hapa, jirani huja, huketi, husema neno la kumshika mfiwa mgongo, hutoa mchango wake, hunywa kinywaji na kwenda zake. Kulala ni kwa watu wa ukoo. Shangazi wa marehemu akaanza kunong’ona: “Hawa watu wanataka nini katika nyumba hii?”

Swali hilo halikuwa la bure. Miongoni mwa waliolala pale alikuwemo mke wa mzee mmoja aliyerudi mwaka 2008 na kukuta shamba la baba yake linalimwa na mkulima huyo huyo. Mkulima hakuliiba. Aligawiwa na wenye mamlaka baada ya wenyewe kukimbia 1972, akazaa watoto pale, akawazika wazazi wake pale. Kesi za namna hii zilijaa nchi nzima, hata serikali ikaunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006. Kesi ya hawa wawili ilianza kwa bashingantahe wa mlima wao, ikapanda, ikashuka, na haijaisha. Wake zao walikuwa wakisalimiana kanisani kwa vidole tu.

Ilipofika siku ya kuganduka, yaani kuondoa msiba rasmi, watu walikusanyika, vinywaji vikapangwa, na msemaji wa ukoo akasimama kama desturi inavyotaka, kuuliza nani anamdai marehemu na kutaja deni ambalo familia inalijua. Akataja faranga za duka, akataja mbegu za maharage. Kisha akasema: “Tunadaiwa kuni na uji na wale mama wa kanisa, na hatujui hesabu yake.” Mke wa yule mzee akainama. Mwinjilisti alisimama kujibu kwa niaba yao, akasema kwa Kirundi kizuri kuwa hakuna deni. Shangazi mtu ndiye aliyewapelekea bia ya ndizi kwa mkono wake mwenyewe, na wale Walutheri wa Kagera, ambao kwao pombe ni dhambi, wakaonja.

Naandika haya nikijua kuwa deni la kuni si deni la shamba. Sijaona mtu aliyerudishiwa shamba kwa kuimba vizuri.

Kila mwezi, baada ya ibada, tunafanya mnada. Asiye na pesa huleta mazao kama sadaka, nayo huuzwa pale uwanjani. Yai moja linaweza kununuliwa, likarudishwa, likauzwa tena mara nne hadi mnunuzi wa tano alipeleke nyumbani. Wasangwa walilichukia jambo hili mwanzoni, wakisema zawadi haiuzwi mbele ya macho ya aliyeileta. Sasa wao ndio wanaopandisha bei.

Mkulima wa benchi la tatu huleta gunia la viazi vitamu kila mavuno, na kila mtu anajua viazi hivyo vimetoka shamba gani. Mwaka wa kwanza mnadishaji alitaja bei hadi sauti ikamkauka. Hakuna aliyethubutu kuinua mkono, na gunia likabebwa hadi nyumba ya mwinjilisti. Mwaka uliofuata lilinunuliwa na mwalimu mgeni asiyejua habari.

Mavuno yaliyopita, yule mzee mwenye kesi aliinua mkono mwenyewe. Alifungua kwa faranga elfu kumi, bei ya dharau, na watu wakacheka kwa woga. Mkulima akamjibu kutoka upande wa pili: “Mzee, hata wewe unajua udongo ule hautoi viazi vya elfu kumi.”

“Naujua,” mzee akasema. Akapandisha hadi elfu sitini, akahesabu noti mbele ya mhazini, na wajukuu wake wawili wakalibeba gunia.

Kesi yao itasikilizwa tena baada ya mvua.